Hadithi Iliyosomwa Mchana

Mjukuu wangu akishikwa na mafua huchemsha majani ya mkaratusi, akajifunika blanketi na kuinamia sufuria, na hapo mimi hutoka nje. Yeye anadhani naogopa kuambukizwa. Simsahihishi. Juzi nilitoka hivyohivyo, kitabu mkononi, nikakaa mlangoni kwenye jua, na baada ya muda naye akatoka, uso unamtiririka jasho, akaniuliza safari hii nasoma kuhusu nini. Nikamwambia kuna msichana ameolewa na mwanamume asiyemfahamu vizuri, nyumba ni kubwa, na kuna mlango mmoja ameambiwa asiuguse.

"Bibi, hicho si sawasawa na kile cha wiki iliyopita? Mwisho wake si unaujua?"

Ni sawasawa kabisa. Ninavyo vingi, vingine havina jalada, vingine nimeviokoa kwa muuza karanga aliyekuwa anavichana afungie karanga zake. Ukivichunguza, chini yake unakuta hadithi zilezile tulizosimuliwa jikoni, za msichana na zimwi, ila zimwi limevaa suti na msichana ana kazi ya ofisini. Mashoga zangu, ambao siku hizi wanasoma vitabu vya dini tu, wananitania kwamba nitaulizwa mbinguni kuhusu hayo mapenzi ya kutisha. Huwa nacheka nao. Lakini harufu ya mkaratusi ikinifikia sicheki, na leo nimeona niseme kwa nini, maana nyinyi mlio wa umri wangu mnaweza kunisikiliza bila kunionea huruma.

Mama yangu alifariki nikiwa bado najifunza kutembea. Aliyenibeba mgongoni tangu hapo ni dada yangu Milembe, naye mwenyewe hajavunja ungo. Tulikaa kwa Bibi, mama yake mama, huko Shinyanga, kwenye mbuga zile tambarare za ng'ombe na pamba ambako mgeni unamwona anakuja muda mrefu kabla hujajua ni nani. Nilikula kwenye bakuli la Milembe, nililala mgongoni kwa Milembe, na mtu akiniuliza mama yako ni nani, nilimnyooshea kidole yeye. Watu wazima walinisahihisha. Milembe mwenyewe hakunisahihisha hata siku moja.

Jioni, tukishakula, Bibi alitusimulia hadithi. Aliyoipenda ni ile ya msichana aliyewakataa wachumba wote kwa sababu kila mmoja alikuwa na kovu mahali fulani, mpaka akaja mgeni mzuri asiye na kovu popote, amevaa kofia. Mgeni huyo hakula mbele za watu. Msichana akaolewa, akapelekwa mbali, na huko ndiko alikoona, siku mumewe alipovua kofia, kwamba ana mdomo wa pili kisogoni, na kwamba huo ndio unaokula watu. Niliipenda hadithi hiyo hadi nikawa naiomba hata asubuhi, tukiwa shambani, na Bibi alikataa katakata. Kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Kila nyumba ina sababu yake ya kuwaambia watoto. Wengine huambiwa ng'ombe watapotea. Bibi alinipa ya kwake.

"Ng'wana wane, mwanangu, hadithi ya usiku tunalala nayo. Sasa hiyo ya mchana italala wapi? Itabaki inatembea na watu."

Nililielewa jambo hilo kama mtoto anavyoelewa, yaani lote, bila kuacha kitu.

Halafu akaja Alfonsi. Alikuja na vibarua waliokuwa wanachimba lambo la kunyweshea ng'ombe karibu na kwetu, mtu wa Songea, mrefu, mpole, amevuta kofia yake ya kitambaa mpaka masikioni. Kabla yake Milembe alikuwa amemkataa kijana mmoja mwenye kovu la pembe ya ng'ombe shavuni. Hakumkataa kwa ajili ya kovu, lakini mimi nilijua hadithi inavyoanza. Nilimchunguza Alfonsi uso, mikono na miguu. Hakuwa na kovu. Watu wakasema Milembe ana bahati, mwanamume safi namna ile, na mimi nikalia, wakadhani nalia kwa sababu dada anaolewa. Walikuwa wamepatia nusu.

Lambo lilipokwisha, Alfonsi akapata kazi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, akaenda na mkewe. Nyumba ya Bibi ikawa kubwa ghafla. Kila jioni nilikaa kando ya njia nikitazama upande lilikoelekea lori lililowachukua, nikakonda, nikakataa hata maziwa, na mtoto wa Kisukuma akikataa maziwa watu wazima huitana. Baada ya mavuno ya pamba Bibi akanipandisha kwenye lori la mfanyabiashara aliyemfahamu, niende nikakae kwa dada yangu, nimsaidie kazi ndogondogo, na mwenyewe ninenepe.

Kambi ya mgodi ilikuwa safu za nyumba zilizofanana, zote zimekolea vumbi. Mashine ya kusaga mawe haikunyamaza. Ukikaa kidogo huisikii tena, ila ikisimama unashtuka. Wanaume walitoka chini weupe tangu nywele hadi kope, na siku ya kwanza nilijificha nyuma ya pipa la maji kwa sababu sikujua kwamba ni watu. Watoto wa pale walikuwa wa makabila yote na walizungumza Kiswahili cha haraka. Changu kilikuwa cha kuokoteza. Nikisema kitu, wanakirudia kwa lafudhi yangu, kisha wanaanguka kwa kicheko. Nikaacha kusema. Zipo siku niliongea na Milembe tu, asubuhi na jioni, na katikati, akiwa ameenda kutafuta kuni, sikuongea na mtu. Upweke wa namna hiyo mtoto hana jina lake. Anaona tu kwamba mchana ni mrefu.

Mahali pekee nilipokaribishwa ni barazani kwa Mama Zaina. Alikuwa mtu wa Tabora, mke wa karani wa stoo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kumfanya mtu avute kigoda, na alijua kusoma. Posho ikishagawiwa, wanawake walikuja kwake na nyungo zao kuchagua maharage, maana maharage ya posho yalikuwa na mawe utadhani nayo yamechimbwa. Mama Zaina hakuchagua ya kwake. Ya kwake waligawana wao, na yeye akawasomea kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, jalada limeondoka siku nyingi. Kilieleza habari za msichana wa mjini aliyeolewa na tajiri aliyekuja kwa meli, mtu mwenye adabu sana, asiyekula meza moja na mkewe, na ambaye alikwisha kufiwa na wake wengine. Uani kwake kulikuwa na kisima kilichofunikwa kwa mbao, na bi arusi aliambiwa maji achote kwa jirani. Mama Zaina alisoma polepole, na kila bi arusi alipokikaribia kile kisima, alifunga kitabu na kusema mchuzi wake unaungua. Wanawake walimsuta, wakacheka, wakamwomba ukurasa mmoja tu. Mikono yote ilikuwa imesimama juu ya maharage.

Walimjadili yule bi arusi kama jirani yao. Mmoja alisema amtoroke mwanamume huyo leo hii. Mwingine akamuuliza atamtoroka vipi naye anampenda, kwani hamkusikia alivyomfunika shuka alipokuwa na homa? Nakumbuka nilivyoshangaa, kwamba mtu anaweza kumwogopa na kumpenda mtu huyohuyo, na watu wazima wakaliona ni jambo la kawaida, wakaendelea kutoa mawe. Bibi hakuwahi kutuambia kama yule msichana wake alilipenda lile zimwi. Hadithi ya Bibi ilikuwa ya kuogopa tu. Hii ilikuwa na chumba kingine ndani yake, na mimi nilitaka kukaa humo.

Kurasa za mwisho hazikuwepo. Mume wa Mama Zaina alizisokotea tumbaku wakati mmoja duka la kambi lilipokosa karatasi, na mkewe hakumsamehe. Kwa hiyo kila alipofika pale kitabu kilipochanika, Mama Zaina alijitungia mwisho, na kila mara ukawa mwingine, kisha akaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Wanawake hawakujali. Mimi kilichonisumbua kilikuwa kingine, na siku moja nikajikaza nikakisema.

"Shikamoo Mama Zaina. Hadithi haisimuliwi mchana."

"Marahaba, mwanangu. Nani anasimulia? Mimi nasoma."

Wakacheka wote, na mimi nikabaki pale pale. Nilibaki kwa sababu sikuwa na pengine pa kukaa.

Lakini nilikuwa nimeshaanza kuona kwamba hadithi ile imeshuka barazani na imeingia kwetu. Alfonsi hakula na sisi. Milembe alimpakulia pembeni, akala akiwa ametugeuzia mgongo. Alikuwa na kikombe chake cha bati, cha buluu, kikining'inia kwenye msumari juu nisipopafikia. Siku moja nilipanda kigoda nikakishusha ninywe maji. Alinipokonya kwa nguvu hadi maji yakamwagika, yeye ambaye hakuwa na desturi hata ya kupaza sauti, kisha akasimama mlangoni akiwa amekishika.

"Hicho usikiguse, shemeji mdogo," alisema. "Chochote kingine, sawa."

Nikimwamkia, aliitikia marahaba huku amegeuza uso kando. Hakunipakata, wala hakunikaribisha karibu yake. Na kofia hakuivua, hata jua likiwa kali. Kanisani aliivua kama wanaume wengine, lakini wanaume walikuwa na upande wao, na kutoka upande wa wanawake niliambulia kuona sikio tu. Milembe naye alikuwa amebadilika. Alikuwa anaacha kazi katikati na kusikiliza, kichwa ameinamisha, kama mtu anayemsikilizia mgeni, na nikimuuliza anasikiliza nini, alisema mashine.

Na kulikuwa na jambo la kufua. Mwanamume mwenye mke hafui; hilo kambi nzima ililijua, na aliyethubutu alipigiwa vigelegele vya kejeli. Nguo za kazi za Alfonsi alifua Milembe. Lakini mara kwa mara yeye mwenyewe alichukua kifurushi kidogo akaenda nacho hadi mfereji ulio nyuma ya kilima cha kifusi, ambako wanawake hawakwenda kwa sababu maji yake yalikuwa mabaya. Barazani walinong'ona kwamba mwanamume anayeficha nguo zake ana mwanamke mwingine. Mimi nilijiona najua zaidi yao.

Siku niliyomfuata, Mama Zaina alikuwa ameishia pale ambapo bi arusi anaondoa ubao wa kwanza wa kisima. Mchuzi ukaungua kama kawaida. Natoka barazani na maharage ya dada yangu, nikamwona Alfonsi anapanda njia ya kifusi, kifurushi kwapani. Miguu yangu haikuniuliza. Nililala kifudifudi juu ya yale mawe yaliyosagwa, nikamwona anachuchumaa, anafungua kifurushi. Vilikuwa vitambaa. Akavitia majini kimoja kimoja, na maji yaliyokuwa meupe kwa vumbi yakawa mekundu. Alisugua, akakamua, akasugua tena, akitazama huku na huku kama mwizi. Kisha akaacha, akaegemeza paji la uso kwenye magoti, akakaa hivyo muda mrefu. Sikumwona kama mtu anayelia. Nilimwona kama mtu aliyeshiba.

Nilimkuta Milembe anapepeta.

"Dada, twende nyumbani."

"Nyumbani wapi tena, na hapa ni wapi?"

"Kwa Bibi. Leo. Shemeji amekula mtu. Nimemwona anafua damu."

Milembe hakucheka. Aliweka ungo chini taratibu, akaniuliza nani mwingine ameona. Nikamwambia ni mimi peke yangu. Akauliza kama nimemwambia Mama Zaina. Nikamwambia sijamwambia. Hapo akakaa chini, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu hakuniuliza ni damu gani.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Najua."

Nilimwaga yote. Nilimwambia habari za kovu lisilokuwepo, kikombe, kula ametupa mgongo, kofia na kile kilicho chini yake, na kwamba Mama Zaina anasoma mchana na Bibi alitukataza, ndiyo maana mambo yametoka kitabuni yakaja kwetu. Milembe alinisikiliza, mdomo umemlegea, halafu akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakabaki.

"Mdogo wangu," akasema, "damu ni yake mwenyewe. Inatoka kifuani."

Akanieleza, akinifuta uso kwa khanga ingawa anayelia ni yeye. Kule chini wanavuta vumbi la mawe, na kifua cha Alfonsi, kilichokuwa dhaifu tangu zamani, kimeharibika. Dresa, mganga wa zahanati ya mgodi, akijua, atamrudisha kwao. Alfonsi anaficha ili asifukuzwe, na zaidi ya hapo anaficha ili yeye Milembe asijue, na Milembe amejua tangu siku ya kwanza alipogeuza mto wa kulalia akakuta doa. "Anafua mwenyewe ili nisijue. Na mimi najifanya sijui ili afue kwa amani." Nikamuuliza na kikombe je. Akasema mwenye kifua hachangii chombo na wenzake. Anakula peke yake na kugeuza uso pembeni ili pumzi yake isinifikie mimi. Baridi ya homa ndiyo inayomvalisha kofia.

"Kwa hiyo humwogopi?"

"Namwogopea," alisema.

Jioni ile, jua likiwa halijazama, Milembe alichemsha majani ya mkaratusi mbele ya mumewe bila kujificha, akamwekea sufuria, akachukua blanketi akamfunika yeye mwenyewe. Tangu hapo hawakufichana tena. Kutoka chini ya blanketi ilisikika sauti yake ikikohoa na kuuliza, na ya dada yangu ikimjibu kwa chini, na baadaye nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika nyumba ile, wawili hao wakicheka pamoja. Kisha akatoka, uso umelowa, akaniita.

"Shemeji mdogo, njoo. Nasikia una shughuli na kisogo changu."

Nikagoma. Milembe akanisukuma. Alfonsi akavua kofia, akakaa kwenye kigoda, akanipa mgongo na kuinama mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Tazama vizuri. Ukiuona huo mdomo wa pili uniambie, maana posho wananipa ya mdomo mmoja."

Kilikuwa kisogo chembamba, mishipa miwili na bonde katikati yake, nywele zimeshikana kwa jasho. Nilikigusa. Kilikuwa cha moto. Miaka mingi baadaye niliona visogo vya namna hiyo kwa wanangu walipougua surua, na kila mara nilimkumbuka yeye.

"Kuna mdomo?"

"Hakuna."

"Endelea kutazama," akasema, na hakuinua kichwa.

Siku zilizofuata ndizo nilizoishi vizuri kuliko zote pale kambini. Nilianza kumpelekea maji katika kikombe chake cha buluu, nikikishika kwa kishikio kama alivyonifundisha, na yeye alinifundisha Kiswahili cha kuwajibu wale watoto. Barazani kwa Mama Zaina sikuogopa tena kisima. Nilifikiri hadithi imetukosa.

Haikuchukua muda. Alfonsi alikohoa mbele ya dresa siku ya kupimwa, na kitambaa hakikuwahi. Akaambiwa arudi kwao. Wanawake wa safu yetu wakaja mmoja mmoja kumshauri dada yangu, na wa mwisho alikuwa Mama Zaina, ambaye hakuja na kitabu.

"Mwanangu, wewe bado kijana. Kwenu kuna watu, kuna ng'ombe. Huko Songea unakwenda kuzika."

"Najua, Mama Zaina," Milembe akasema. "Lakini kabla ya kuzika kuna kuishi naye."

Nikamwomba anichukue. Nilimwomba kwa kila namna niliyoijua, nikajigaragaza, nikaacha kula, nikaahidi kuchota maji ya Songea nzima. Milembe alisema hawezi kunipeleka nikaishi nyumba moja na kifua kilichofika hapo, na kwamba aliyekataa kabisa ni Alfonsi mwenyewe. Nikamchukia upya, kwa nguvu zote za mtoto. Zimwi la Bibi lilimla msichana wa watu, angalau. Huyu hakumla dada yangu. Aliinuka tu, akapiga kofia yake vumbi, na dada yangu akafunga mizigo kwa mikono yake.

Asubuhi ya safari malori mawili yalisimama kambini, langu la kurudi Shinyanga na lao. Jua lilikuwa limepanda. Milembe alikuwa anakaza kamba za mizigo nilipokimbia hadi barazani kwa Mama Zaina.

"Mama Zaina, soma mwisho."

"Mwisho ameuvuta mzee, si unajua."

"Soma tu. Sasa hivi, jua likiwa limetoka."

Alinitazama. Ndipo nadhani alipoelewa ninachotaka, maana aliacha ufagio.

"Unataka uishe vipi?"

"Bi arusi arudi nyumbani kwa mdogo wake."

"Humu hana mdogo, mwanangu."

"Anaye."

Mama Zaina aliingia ndani, akatoka na kitabu, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote. Akafungua mahali palipochanika. Na hakusimulia, alisoma, kwa ile sauti yake ya kusomea, akifuata kwa kidole mistari isiyokuwepo. Akasoma kwamba kisimani hamkuwa na kitu ila maji. Kwamba wake wa kwanza walikufa kwa maradhi yaliyomo katika nyumba ile, na yule bwana alikifunika kisima ili huyu wa tatu asiyanywe maji yale. Kwamba bwana naye aliugua, na bi arusi akamuuguza hadi mwisho, akamzika, akamlilia kama inavyopasa. Kisha akafunga virago, akapanda meli, akashika njia ya kwao. Nchi ilikuwa tambarare. Mdogo wake alikuwa amekaa kando ya njia, na alimwona tangu akiwa mbali.

Nilipogeuka, Milembe alikuwa amesimama nyuma yangu, kamba bado mkononi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alinifunga khanga yake begani, akanipandisha kwenye lori langu yeye mwenyewe, akanishika uso kwa mikono miwili.

"Usikatae maziwa," alisema.

Sikuyakataa. Nilikunywa maziwa, nikanenepa, na kila jioni nilikaa kando ya njia. Bibi hakuniuliza namngoja nani. Mvua zilikuja zikaondoka, kisha akapita mtu aliyewahi kufanya kazi na Alfonsi, akatuambia Alfonsi amefariki na Milembe amebaki kule anamtunza mama mkwe. Nilifurahi. Nalisema hivyo lilivyo: nilifurahi, kwa sababu nusu ya mwisho wa Mama Zaina ilikuwa imetimia, na nusu iliyobaki ilikuwa ya safari tu. Baada ya mtu yule hakuja mwingine. Tuliuliza kwa mapadri, kwa madereva, kwa kila mtu wa kusini aliyefika Shinyanga. Bibi alifariki akiuliza. Mimi nikaolewa, na mwanamume mwenye makovu mengi tu, nikazaa, nikahamia mjini, nikazeeka kupita umri wa mtu yeyote niliyemfahamu utotoni.

Ndiyo maana navisoma vitabu hivi, na navisoma mchana tu. Waandishi wake wanajua kitu kimoja, kwamba moyo unaweza kutetemeka kwa hofu na mapenzi kwa pamoja. Ila wote wanamfanya msichana aogope kwamba mume atamuua. Sijapata hata kimoja ambamo anaogopa kwamba mume atakufa, wala kimoja kinachomkumbuka yule aliyebaki nyumbani.

Juzi, basi, mjukuu wangu aliponiambia kwamba mwisho naujua, nilimwambia ndiyo, naujua, kaa nikusomee. Akakaa kwenye ngazi mbele yangu, blanketi begani, ananuka mkaratusi. Nikamsomea kwa sauti hadi ukurasa wa mwisho, na pale sikusoma walivyoandika. Nikasoma kwamba bi arusi alimzika mumewe, akafunga virago, akashika njia ya kwao, na mdogo wake alikuwa amekaa mlangoni.

Akainuka akachungulia kitabu.

"Bibi, mbona hapa hapajaandikwa hivyo?"

"Hapajaandikwa," nikamwambia. "Sogea kidogo, unaniziba njia."